Swali Lisiloulizwa kwa Simu

Huku Dubai watu huoana wakati wa baridi. Ninaiita baridi kwa heshima tu, maana mimi nimezaliwa milimani, mahali ambapo Julai ukungu hauondoki mpaka saa sita mchana na wazee huota moto wakiwa wamevaa koti juu ya koti. Baridi ya huku ni ya kuvaa sweta moja na kusifiana. Lakini ndiyo msimu ambao meza zinaweza kutolewa nje, kwenye bustani na juu ya paa, bila keki kuyeyuka na bila bibi harusi kulowa jasho kabla hajafika mbele ya watu. Kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka Machi, sisi wa upande wa karamu katika hoteli moja ya Al Rigga hatukujua Jumamosi wala Krismasi. Tulipanga viti, tukavivalisha vitambaa, tukang'arisha glasi, na kesho yake tukaanza upya kwa ajili ya watu wengine.

Ninawakumbuka akina baba kuliko maharusi. Maharusi hufanana, lakini baba anayeingia na binti yake huwa na uso wake mwenyewe, awe Mhindi, Mwarabu au Mzungu. Mmoja aliingia akitabasamu vizuri kabisa, kumbe amekanyaga gauni la mtoto wake na hajui. Mimi nilisimama ukutani na jagi la maji, nikimtazama baba wa mtu, nikimfikiria wangu. Sikutamani zulia lao wala maua yao. Nilitaka kitu kimoja tu siku yangu ikifika: baba aniulize lile swali, nami nimjibu kwa mdomo wangu.

Kwetu msichana haolewi mpaka aulizwe. Watu wa upande wa mwanamume huja na kibuyu. Zamani kilijaa pombe ya asali. Siku hizi, kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa, ni asali iliyokorogwa na maji na ndimu, na wapo wazee ambao hukunja nyuso wakiinywa. Baba wa msichana hujaziwa pembe ya kunywea, humwita binti yake mbele ya wageni wote, akamuuliza: "Hiki walichotuletea, tunywe?" Akisema tunywe, wananywa, na mambo yamekwisha. Akinyamaza, hakuna anayegusa kitu. Shangazi mmoja wa baba alinyamaza hivyo ujanani mwake, wageni wakarudi kwao na kibuyu kimejaa, na mpaka leo ukoo ule hausimami kuongea nasi sokoni.

Mimi ni kifungua mimba, nikapewa jina la mama yake baba, ndivyo desturi ilivyo. Kwa sababu hiyo baba hajawahi kuniita jina langu. Huniita mama. Dada yangu anayenifuata alipewa jina la mama yake mama, basi yeye baba humwita mama mkwe, na akitaka maji humwomba kwa adabu za kumtania: "Mama mkwe, usinikasirikie, niletee maji kidogo." Mama yetu hakuchoka kuucheka mzaha huo mpaka alipofariki. Baada ya hapo dada, ambaye ni mwalimu, alibaki nyumbani na baba, mimi nikaja huku kutafuta.

Mchumba wangu alikuwa mlinzi wa ghala kule Al Qusais. Ni mtu wa magharibi mwa Kenya, mrefu, mpole, asiyejua kupandisha sauti. Tulikutana kwenye kwaya ya kanisa, ambako alikuwa akiimba besi vibaya kwa moyo wake wote. Aliposema anataka kunioa, nilimwambia tungoje Julai. Julai hoteli huwa tupu na likizo hutolewa bila kelele. Tungeenda nyumbani, baba angeniuliza, nami ningejibu, hata kama ni katikati ya ukungu. Akakubali. Yeye hukubali.

Aliyekataa ni dada yangu.

"Oaneni baridi hiyo hiyo ya huko," aliniambia kwa simu. "Januari. Usingoje Julai."

"Na baba?"

"Baba ataongea na wewe kwa simu. Watu wa huyo bwana waje hapa, nyinyi mfunge huko. Si watu wanafanya hivyo siku hizi?"

"Kwani Julai kuna nini?"

"Hakuna kitu. Usingoje tu."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Kwetu mdogo haolewi kabla ya mkubwa, na nilikuwa nimesikia kwamba kuna mwalimu mwenzake aliyekuwa akimzungukazunguka. Nikajumlisha yangu. Nikamwambia kama ana haraka ya kuolewa anipite tu, njia ni pana, asinisukume. Akasema, "Sawa, fikiria hivyo," akakata simu. Nilishinda siku ile nikigongesha sahani.

Mchumba wangu ndiye aliyenituliza, jioni tukitembea kutoka kituo cha metro. "Babe, January pia ni sawa. Weather iko poa, marafiki wote wako huku. Na dadako si mtu wa kukusukuma bure."

Nilimwambia hamjui dada yangu. Lakini wiki ikaisha, ya pili ikaisha, nikakubali.

Basi mipango ikaanza, na pamoja nayo kamati, maana Mkenya hawezi kuoa bila kamati hata akiwa mwezini. Walinzi wenzake, wahudumu wenzangu, wanakwaya, wote waliingizwa kwenye kundi moja la simu wakabishana kuhusu rangi ya vitenge kuanzia asubuhi mpaka usiku. Tulipata bustani ndogo ya mkahawa mmoja kule Al Jaddaf, siku ya Jumatatu, siku ambayo hakuna mtu mwenye akili zake anayeoa, ndiyo maana ilikuwa wazi. Picha zipo, zinapendeza, watu hunisifia mpaka leo. Gauni nilishonewa na mama mmoja wa Kizanzibari, mkaazi wa miaka mingi wa Dubai, aliyekuwa akinipima huku pini ziko mdomoni.

"Baba yako yu hai?" aliniuliza siku moja.

"Yuko, mama."

"Alhamdulillahi. Basi kamwombe radhi kabla hujalivaa gauni hili, mwanangu. Gauni bila ya radhi ni nguo tu."

Nilimwambia inshallah, kama mtu anavyosema akitaka mazungumzo yahamie kwingine. Nilitoka pale nimemkasirikia yeye pia.

Baba nilikuwa nikimpigia asubuhi, kabla ya kuingia kazini. Dada ndiye aliyeweka sheria hiyo. "Mpigie asubuhi. Jioni huwa amechoka." Na kweli kila nilipojaribu jioni, nilipata sababu: amelala, ameenda kwa jirani, anasikiliza redio usimsumbue. Asubuhi alikuwa baba yule yule. "Mama, umekula? Huko kunanyesha?" Nilimwambia huku mvua ni habari ya kusimulia, akacheka, akaniuliza habari za kazi, na kabla ya kuagana akauliza tena, "Huko kunanyesha?" Niliwasimulia wenzangu tukacheka. Nilidhani ni mapenzi ya mzazi, na mzazi akikupenda hurudia maswali.

Wazee wa kwetu waliposikia bibi harusi atakuwa kwenye simu, baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, aligoma. Swali haliulizwi kwa simu, alisema. Litaulizwa kwa mtu aliyekaa, ndani ya nyumba ya baba yake. Walivutana mpaka dada akapata njia: yeye atakaa kwenye kigoda amefunikwa leso ya kujitanda, nami nitakuwa mapajani mwake, kwenye simu, chini ya leso hiyo hiyo. Baba ataelekeza swali kwenye kigoda, na sauti yangu ndiyo itakayojibu. Wazee waliridhika. Mimi nilifurahi kuliko nilivyoonyesha, kwa sababu kwa njia hiyo kitu changu kimoja nilikuwa bado ninakipata.

Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi ya Desemba, asubuhi. Siku chache kabla yake hoteli ikapokea oda ya harusi kubwa ya mchana wa Jumamosi hiyo hiyo, na bosi wetu akabadilisha zamu za kila mtu.

"Sir, please, one hour tu, asubuhi," nilimwomba.

"After service, inshallah. Morning no. Yalla, tables."

Nikamwandikia dada kwamba shughuli isogezwe hadi alasiri. Alinipigia papo hapo.

"Haiwezekani iwe alasiri. Omba ruhusa."

"Nimeomba."

"Omba tena."

"Kwani hii hoteli ni ya mjomba?"

Nilimsikia akivuta pumzi. "Nakuomba," alisema. Dada yangu haniombi. Lakini mimi nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi na rundo la vitambaa mikononi, bosi ananitazama, nikamwambia mambo mengine si ya kuombana, ndiyo kazi hiyo. Na wageni wetu, ambao walikuwa wanatoka mbali, wakasema alasiri ndiyo nzuri zaidi kwao. Hakuna aliyemsikiliza dada.

Jumamosi ile, karamu ya wenyewe ilipofika kwenye kahawa, niliruhusiwa. Mchumba wangu alikuwa amekuja kwa metro kutoka zamu ya usiku, hajalala, amevaa suruali ya kazi na shati la kanisani. Tulikaa kwenye kreti za soda nyuma ya jikoni. Nilivua aproni, nikajitanda leso juu ya yunifomu. Upepo ulikuwa mzuri. Ndani tulisikia mtu akipima kipaza sauti, moja, mbili, tatu.

Simu ilipowaka nilimwona baba kwenye kiti chake, na koti lake la Jumapili. Alikuwa amekonda, na dada hakuwa ameniambia. Alikuwa akiwatazama watu mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayengoja kutambulishwa. Nilimpungia mkono. Kabla sijajua kama ameniona, dada aliketi, wanawake wakamfunika, na mimi nikabaki na kidevu cha dada yangu na maua ya leso yaliyopenywa na mwanga.

Waliongea Kiswahili kwa sababu ya wageni. Utani ukatembea, wageni wakaambiwa wamepotea njia, wakasema hapana, wamefuata harufu ya msichana mzuri. Kisha sauti ya baba mdogo: "Haya, mzee, wageni wana kiu. Muulize binti yako."

Nikasikia mtu akikohoa. Halafu baba, kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole:

"Mama, tunywe?"

"Tunywe, baba!" nilijibu kwa sauti kubwa mpaka mpishi akachungulia mlangoni.

Watu kule nyumbani wakacheka kwa furaha. Baba hakucheka.

"Ni nani huyo?"

"Ndiye huyo binti yako, mzee. Anakujibu kutoka Dubai."

"Binti yangu amekaa hapa. Huyo anayeongea ndani ya nguo ni nani?"

Wakacheka tena, zaidi. Baba alikuwa mtani maisha yake yote, na mimi pia nilicheka, nikamgusa mchumba wangu kwa kiwiko. Kisha nikaona kidevu cha dada kinatetemeka. Leso ikafunuliwa, mwanga ukaingia, na uso wa baba ukawa pale juu, karibu kabisa. Hakuwa akinitazama mimi.

"Mama," alimwambia dada yangu. "Umerudi lini?"

Alimwita mama. Hakumwita mama mkwe. Kicheko kule nyumbani kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Tunywe?" baba aliuliza tena. Sasa alikuwa na hofu. Kimya ndani ya nyumba ile kilikuwa na maana moja, na hilo alikuwa hajalisahau. Pembe ilikuwa imeinama mkononi mwake, na asali inamwagika kwenye mkono wa koti.

Dada alinitazama. Nilimwelewa: alikuwa ananiuliza mimi. Nikamkubalia kwa kichwa.

"Tunywe, baba," akasema.

Baba akanywa. Vigelegele vikapigwa, kwanza vya mwanamke mmoja, kisha vya wote, vya kuokoa shughuli. Sikuwa nimemwona baba na furaha ile tangu mama azikwe. Mtoto wake alikuwa amerudi, amemjibu, na yeye amekunywa. Kila kitu nilichokitamani kilikuwa pale mbele yangu kimekamilika, isipokuwa mimi. Nilimwonea dada yangu wivu mpaka nikasikia uchungu mdomoni.

"Na wewe," mchumba wangu aliniuliza, "ile yes ilikuwa yako?"

"Si umenisikia?"

"Nimekusikia." Akanishika mkono. Nikauacha, ingawa nilikuwa nataka kugombana na mtu na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Dada alitoka na simu mpaka nyuma ya zizi. Alikuwa analia bila sauti, anajipangusa na ile leso.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya Pasaka. Asubuhi yuko sawa. Asubuhi angekujua. Nilikuambia asubuhi."

"Uliniambia asubuhi, hukuniambia kwa nini!"

"Ungefanya nini? Ungeacha kazi ukuje mbio. Yeye mwenyewe aliniapisha, siku moja akiwa sawa. Alisema mama asiambiwe. Akasema harusi iharakishwe, anataka akuulize wakati bado anajua anamuuliza nani." Akapumua. "Julai ilikuwa mbali. Nilikuwa nahesabu siku na yeye."

Nilikuwa na la kumjibu. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa nimelifungua domo langu ili nimtupie methali hiyo pamoja na mengine. Nikakumbuka mwalimu niliyemsingizia, na haraka ya kuolewa, na jinsi alivyosema sawa, fikiria hivyo. Nikalifunga. Nilimwomba msamaha, vibaya, kwa maneno yaliyogongana, naye akasema wacha hayo, una kazi, rudi ndani.

Ndipo nikasikia sauti ya baba nyuma yake. Alikuwa ametoka nje kumtafuta, mkono wa koti bado una asali.

"Nani huyo unaongea naye, mama? Nipe nisalimie mgeni."

Dada alinitazama, nami nikamwambia ampe. Baba aliipokea simu kwa mikono miwili. Aliniangalia vizuri, akatabasamu, akaanza kuongea nami kwa Kiswahili. Baba hakuwa ameongea nami Kiswahili hata siku moja maishani mwangu. Kile ni Kiswahili chake cha wageni, cha chifu na cha watu wa benki, anakivaa kama anavyovaa kofia ya kwenda mjini.

"Habari ya huko, msichana?"

"Nzuri, mzee."

"Huko kunanyesha?"

"Hapana. Huku hakunyeshi."

"Pole sana." Alifikiri kidogo. "Na wewe, umeolewa?"

"Bado. Ni Januari."

"Vizuri, vizuri. Mimi leo nimemuuliza wangu. Amekubali."

"Nimeona. Hongera, mzee."

"Asante." Akasogeza uso karibu na simu, akashusha sauti, kama anayenipa siri ya bure. "Sasa sikia. Mwambie babako asiguse kibuyu cha watu mpaka akusikie wewe, kwa mdomo wako. Wakimharakisha, akatae."

Ndani, nyuma yangu, bosi alikuwa ananiita. Mchumba wangu alisimama akaenda kuzuia mlango.

"Tunywe, baba," nikamwambia, kwa lugha yetu.

"Si mimi," akanisahihisha kwa upole, kwa Kiswahili. "Babako."

"Nitamwambia, mzee."